SOMO: Kuzalisha gurami nyumbani, anza na chupa ya maji yanayonuka

Habari zenu wadau. Wengi mnaoniuliza mna kilio kimoja: gurami, hawa samaki wa mapambo, wametaga, mayai yameanguliwa, siku ya tano tangi tupu. Mimi mwenyewe hapa Kigoma nilipoteza vifaranga mara mbili hivyo hivyo. Maji yalikuwa sawa, joto sawa. Walikufa njaa.

Hatua ya 1: Chakula

Wiki moja kabla ya kuwakutanisha wazazi, chukua chupa ya mdomo mpana, jaza maji kutoka tangi lako la zamani, tia kipande cha jani la kabichi au ganda la ndizi. Funga mdomo kwa kitambaa chepesi mbu wasitage humo, uweke dirishani pasipo jua kali. Siku ya pili au ya tatu maji yatakuwa meupe kama tui na yatanuka, na nyumbani watakusema. Vumilia. Yakianza kutakata, mulika tochi ubavuni: ukiona vumbi linalotembea lenyewe, hao ndio vijidudu unaowataka. Kifaranga wa gurami ana mdomo mdogo mno, hata dagaa umsage vipi hapiti. Andaa chupa ya pili siku tatu baadaye ili moja ikiisha nyingine iwe tayari.

Hatua ya 2: Tangi

Urefu sentimita 60 unatosha. Maji yawe na kina cha sentimita 15 hadi 20 tu, joto nyuzi 27 au 28, bila mchanga. Maji ya bomba yalaze saa 24 klorini iondoke. Zima filta, kiota cha mapovu anachojenga dume hakivumilii mawimbi. Weka mimea inayoelea na jani kavu la mkungu. Dume hupenda kujenga chini yake. Upande mmoja panga mimea mingi, jike apate pa kujificha. Funika juu.

Hatua ya 3: Wazazi

Nazungumzia gurami wa madoa matatu, ambaye ukimhesabu utaona mawili. La tatu ni jicho. Dume ana pezi la mgongoni refu lenye ncha, la jike ni fupi na la mviringo. Walishe vizuri wiki mbili, viluwiluwi wa mbu ndiyo nyama yao, mpaka tumbo la jike lijae.

Hatua ya 4: Kiota

Hapa kaa kimya utazame. Dume anapanda juu, anameza hewa, anatema povu lenye ute, povu juu ya povu, mpaka pawe na kitu kama povu la sabuni ukubwa wa kiganja. Rangi yake inakolea. Jike akiwa tayari atakuja chini ya kiota, dume atajikunja kumzunguka na kumpindua, mayai yatoke. Yanaelea yenyewe, yanayopotea dume huyaokota kwa mdomo na kuyatema kiotani. Yanaweza kuwa mamia.

Wakimaliza, mtoe jike siku hiyo hiyo. Nilichelewa usiku mmoja tu, asubuhi nikamkuta mapezi yamechanika.

Hatua ya 5: Vifaranga

Mayai huanguliwa baada ya saa 24 hadi 36. Vifaranga hubaki wamening'inia kiotani siku mbili tatu wakila kiini chao. Wakiachana na kiota na kuanza kuogelea mlalo, mtoe baba, kazi yake imekwisha na anaweza kuwala. Sasa chupa zako: vijiko vichache asubuhi, mchana na jioni. Baada ya siku kama kumi, artemia (vijikamba vidogo sana) walioanguliwa karibuni.

Usifunue mfuniko ovyo. Kati ya wiki ya tatu na ya sita kinajengeka kile kiungo chao cha kupumulia hewa ya juu. Hewa baridi ikiwapiga, watakufa wengi.

MASWALI

*Mkuu, niko Tabora, maji yangu ya kisima ni magumu. Itawezekana?*
Itawezekana. Hata ya ziwa letu ni magumu na yana alkali. Mimi huchanganya nusu kwa nusu na ya mvua, ila mvua ya kwanza iache ioshe bati kwanza. Wazoeshe polepole.

*Dume wangu kala mayai yote, nimuuze?*
Usimuuze kaka. Mara ya kwanza ni kawaida, hasa watoto wakigonga kioo. Bandika karatasi pande tatu, mlishe wiki mbili, jaribu tena.

*Umeme ukikatika usiku?*
Wakubwa huvuta hewa juu, hawana shida sana. Hofu ni baridi, hasa Juni na Julai. Zungushia tangi blanketi, usimwage maji ya moto ndani.

*Shikamoo mwalimu. Kwa nini uhangaike na samaki wa Asia na ziwa lipo hapo?*
Marahaba dada. Swali la haki, wa Tanganyika wanasifika dunia nzima. Lakini wengi wao hulea watoto mdomoni au hutagia kwenye makombe ya konokono, ni somo lingine kabisa.

*Wakinizidi niwamwage ziwani pale Kibirizi?*
Hapana, hata mmoja. Ziwa lile lina samaki wasiopatikana kwingine popote, usiwapelekee mgeni wala ugonjwa. Gawia majirani. Mimi wa Machi bado ninao ndoo mbili, anayetaka aje na chombo chenye mfuniko.