Msumeno wa meza wa kwanza kwa karakana ya nyumbani: anza ukutani, malizia dukani

Ukishika ubao wa paini ulioshushwa leo kutoka Mafinga, kiganja kinabaki na ubaridi na utomvu. Huo ndio ubao ambao wengi wetu, kuanzia Iringa hadi Mbeya, tunaupasua wiki hiyohiyo, kwa sababu mteja anataka mlango wake na hana miezi ya kusubiri mbao zikauke. Ubao wa namna hiyo una tabia moja mbaya: ukishapasuliwa, pande zake mbili hurudiana na kuibana bledi kwa nyuma. Kumbuka hilo tangu sasa, maana ndilo lililonifundisha kuchagua mashine.

Msumeno ninaouzungumzia hapa ni ule wa meza wenye kabati: sanduku la chuma lililofungwa pande zote hadi sakafuni, mota ikiwa ndani, na juu yake meza nene ya chuma cha kumimina. Una uzito wa kilo 200 au zaidi. Tofauti yake kubwa na ile misumeno myepesi ya kubebwa hadi saiti ni mahali mikono inayobeba shafti ya bledi inapofungwa. Kwenye myepesi mingi hufungwa chini ya meza. Kwenye huu hufungwa kwenye kabati lenyewe. Kwa hiyo meza ikipotoka kidogo, unalegeza bolti nne za meza, unaigonga taratibu hadi inyooke na bledi, unakaza, umemaliza. Ni mashine ya kukaa nayo miaka ishirini na zaidi, na ndiyo maana kuikosea kunauma.

Hatua ya 1: Pima umeme wako kwanza

Nyumba nyingi zina umeme wa fezi moja, volti 230. Mota ya hospawa 3, ambayo ni kama kilowati 2.2, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote huvuta ampea 13 hadi 15. Plagi ya kawaida ya nyumbani ina fyuzi ya ampea 13. Umeona tatizo. Mashine hii inataka njia yake peke yake kutoka mainswichi: breka ya aina ya C ya ampea 20 au 25, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta mara tano hadi saba ya umeme wake wa kawaida kwa muda mfupi. Kama karakana iko karibu na nyumba, waya wa milimita 4 za mraba unatosha. Ikiwa iko mwisho wa shamba, weka wa 6. Kazi hii mpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hulipuuza. Chukua mita ya umeme, nenda karakana saa moja jioni nyumba zote zinapowasha taa na pasi, upime volti. Rudia saa nne asubuhi. Ukikuta jioni inashuka chini ya 207, mota yako itavuta ampea nyingi zaidi kwa kazi ileile na itachemka. Vijiji vilivyo mwisho wa laini wanalijua hili vizuri. Hapo ama unapasua asubuhi tu, ama unashuka hadi mota ya hospawa 2 na kutumia bledi nyembamba. Hospawa 2 yenye bledi kali inapasua mninga wa inchi 2 bila kulia, mradi usiusukume kwa pupa.

Ukipata mashine nzuri ya fezi tatu kwa bei ya kuvutia na wewe una fezi moja, usiikatae haraka. Soma kibao cha mota. Kikiandikwa volti 230/400, unaweza kuiendesha kwa inveta inayopokea fezi moja na kutoa fezi tatu za volti 230, mota ikiunganishwa kwa mtindo uitwao delta, ambao fundi umeme anaujua. Kikiandikwa 400/690, inveta hiyo haitakusaidia. Iache.

Hatua ya 2: Endelea kusoma kibao hichohicho

Tafuta neno Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wa Tanzania ni 50. Mashine za mtumba zilizotoka Marekani huwa na mota za 60, na mota hiyo ikiwekwa kwenye umeme wetu hupoteza sehemu moja kati ya sita ya mwendo wake: iliyoandikwa mizunguko 3,450 kwa dakika itazunguka kama 2,875. Bledi inapungua kasi, mota inapata joto zaidi. Muuzaji atakuambia "inawaka tu", na kweli itawaka. Ila kuwaka na kudumu ni mambo mawili.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi wa milimani zaidi ya watu wa Dar es Salaam. Mota za kawaida hupimwa nguvu zake kwa matumizi ya hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Iringa na Mbeya zote ziko juu ya mita 1,500. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo haipozi mota kama kule chini. Bahati yetu ni baridi: vipimo hivyo vimewekwa kwa mahali penye joto hadi nyuzi 40, nasi huku hatufiki huko, hivyo baridi ya Njombe au Mufindi inarudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Ninachofanya mimi ni kutochagua mota inayotosha kwa shida. Kama kazi inataka hospawa 2 na nusu, nunua 3.

Hatua ya 3: Bledi, kwa mbao unazopasua wewe

Bledi ya inchi 10 hupanda kama milimita 80 juu ya meza. Hiyo inatosha kwa fremu za 2 kwa 6, miguu ya meza ya inchi 3, na samani karibu zote za nyumbani. Ya inchi 12 hufika kama milimita 100, na inafaa kama unapasua mihimili ya inchi 4. Kwa mashine ya kwanza mimi nachagua inchi 10 bila kusita, kwa sababu bledi zake ni rahisi kupatikana na nguvu inayotakiwa ni ndogo.

Kabla ya kulipa, pima tundu la katikati. Mashine za Ulaya nyingi zina shafti ya milimita 30. Za Kimarekani ni karibu milimita 16. Zunguka soko la Mwanjelwa pale Mbeya au maduka ya vifaa Iringa mjini uone wanauza zenye tundu gani. Mashine ambayo bledi yake lazima iagizwe itakusimamishia kazi siku utakayogonga msumari.

Nunua bledi mbili: ya meno 24 kwa kupasua kwa urefu, na ya meno 60 kwa kukata kwa upana na kwa plaiwudi. Paini ina utomvu unaoganda kwenye meno hadi bledi inaonekana butu wakati bado ni kali. Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi ikiwa nje ya mashine, kisha ikaushe vizuri kabla ya kuirudisha.

Hatua ya 4: Kisu cha mpasuo

Hapa ndipo nataka utulie, fundi mwenzangu.

Nyuma ya bledi panapaswa kuwa na kibati kilichopinda kufuata duara la bledi, kimesimama kama pezi la samaki. Wengine hukiita kisu cha mpasuo. Kazi yake ni kukaa ndani ya mpasuo na kuzuia zile pande mbili za ubao zisirudiane. Ubao mbichi ukibana bledi kwa nyuma, meno ya nyuma, ambayo yanapanda kutoka chini, huunyanyua na kuurusha kuelekea kwako. Ncha ya bledi ya inchi 10 kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika inakwenda mita 53 kwa sekunde, karibu kilomita 190 kwa saa.

Mwaka wangu wa pili wa ufundi nilifanya kazi kwenye karakana ambayo kisu hicho kilikuwa kimetolewa kwa sababu "kinasumbua". Ubao wa paini wa futi 6 ulibana, ukaruka, ukampiga mwenzangu tumboni. Alilazwa, na hakurudi kwenye mashine mwaka mzima. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake.

Kwa hiyo kagua haya. Kisu kiwe kinapanda na kushuka pamoja na bledi, na kilale nayo unapoilaza nyuzi 45. Kilichofungwa mahali pamoja hakikaribii meno bledi ikishuka. Nafasi kati yake na meno iwe milimita 3 hadi 8. Unene wake uzidi bati la bledi, yaani mwili wake bila meno, lakini upungue kuliko upana wa mpasuo: bledi inayopasua milimita 3.2 yenye bati la 2.2 inataka kisu cha kama 2.5 au 2.8. Mashine isiyo na kisu, au ambayo kisu chake kimepotea na hakipatikani, mimi siinunui kwa bei yoyote.

Wapo watakaokutajia SawStop, zilizoanza kuuzwa 2004, zinazohisi kidole na kusimamisha bledi ndani ya milisekunde 5 hivi. Ni kazi ya kuheshimiwa sana. Ila zinahisi kwa umeme unaopita kwenye mwili, na ubao wenye maji mengi nao hupitisha umeme, kwa hiyo paini mbichi inaweza kuishtua breki, na kila ikishtuka unabadilisha breki na mara nyingi bledi pia. Ukipata uwezo wa kuinunua, panga pia mahali pa kukaushia mbao.

Hatua ya 5: Gaidi na nafasi

Gaidi, ule ukingo mrefu ambao ubao huuegemea unaposukumwa, ikaze mbele kwa mkono mmoja na isisogee nyuma ukiisukuma kwa kidole gumba. Reli ndefu ya kupima hadi milimita 1,300 inapendeza dukani, lakini fikiri: plaiwudi ina upana wa 1,220, nusu yake ni 610. Reli ya 760 inakutosha, na chumba kinabaki na nafasi. Ubao wa plaiwudi una urefu wa 2,440, hivyo unataka mita 2 na nusu mbele ya bledi na nyingine kama hizo nyuma.

Hatua ya 6: Vipimo vya dukani

Nenda na rula ya chuma iliyonyooka, filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), na sarafu ya shilingi 500. Umeme ukiwa umezimwa na plagi imetolewa, laza rula juu ya meza kwa pembe zote mbili. Filageji ya milimita 0.3 isipite chini yake popote. Shika shafti uisukume na kuivuta; ukihisi mchezo, beringi zimekwisha. Weka alama kwenye jino moja, pima umbali wake hadi kwenye mfereji wa meza mbele, zungusha bledi jino hilohilo lije nyuma, pima tena. Tofauti ikizidi milimita 0.15 na bolti za meza haziirekebishi, ondoka. Laza bledi nyuzi 45 urudie.

Kisha washa. Simamisha sarafu wima juu ya meza. Isipoanguka, mashine imetulia. Zima uhesabu: mashine ya Ulaya yenye breki nzima husimama ndani ya sekunde 10.

Hatua ya 7: Kuileta na kuikalisha

Ikipanda mlima Kitonga kuelekea Iringa kwenye Fuso, isafiri wima, imefungwa kwa kabati, kamwe isifungwe kwa meza au gaidi. Kirikuu inatosha kwa kipande cha mwisho hadi nyumbani. Pima upya kila kitu ikishushwa, kabla dereva hajaondoka.

Tundu la vumbi huwa la milimita 100; unganisha kivuta vumbi tangu siku ya kwanza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vinavyosababisha saratani mwaka 1995, na vumbi la mvule huwasha hata kabla ya kufikia saratani. Vaa barakoa. Glavu usivae, bledi huzivuta pamoja na mkono.

Ukungu wa Mufindi na Tukuyu hutia kutu meza ya chuma usiku mmoja. Futa kwa kitambaa kikavu kila jioni, paka nta ngumu mara moja kwa mwezi, funika kwa blanketi la pamba. Nailoni hukusanya maji chini yake.

Kwa mpasuo wa kwanza, chukua kipande cha paini kikavu cha futi 3, simama kushoto kwa mstari wa bledi, sukuma kwa fimbo, usiache kusukuma hadi ubao uipite bledi na kisu chote. Kisha weka vipande viwili pamoja, ukingo kwa ukingo, uvinyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya katikati yao, rudi kwenye zile bolti nne.