Namna ya Kuisoma Dar es Salaam: Mwongozo kwa Anayetaka Kuujua Mji na Viunga Vyake

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaelekeza ndugu na wageni wanaohamia Dar es Salaam, na nimeona kwamba wengi wao huanza kwa kukariri wilaya tano wakidhani kuwa wameshaujua mji. Wilaya zina kazi yake, nami nitazifikia, lakini mtu anayezitegemea peke yake hataelewa kwa nini mahali palipo jirani kwenye ramani huchukua saa mbili kufika, wala kwa nini mtaa wenye viwanja vikubwa na miti unapakana na mtaa ambao gari haliwezi kupita. Mji huu ulikua kwa kufuata bandari, mabonde na barabara nne, na mipaka ya utawala ikaja baadaye kukatiza juu ya mji uliokwisha kujengwa. Kwa hiyo chukua ramani ya mkoa mzima, iwe ya karatasi au ya kuchapisha kutoka kwenye simu, pamoja na kalamu za rangi, tuisome kwa mpangilio huo.

Anza na maji

Tafuta kwanza mlango wa bandari, ule mkono mwembamba wa bahari unaopita kati ya Feri, kituo cha pantoni upande wa mjini, na Kigamboni, ukaingia ndani hadi Kurasini na kuendelea kusini. Ni kwa ajili ya ghuba hiyo tulivu kwamba Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga mji wake hapo katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima. Bandari ilikaa upande wa kusini wa mji, na maji yake yakawa ukuta: nyumba zilienea kaskazini na magharibi, huku Kigamboni, ambayo mtu aliyesimama Feri anaiona kwa macho, ikibaki na mashamba na minazi kwa zaidi ya karne moja. Aliyetaka kuvuka alipanda pantoni au alizunguka kwa gari hadi Kongowe. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Kurasini mwaka 2016, na hapo ndipo viwanja vya Kibada na vitongoji vyake vilipoanza kujaa kwa kasi. Hata hivyo athari ya ule ukuta wa maji bado inasomeka katika hesabu: Sensa ya 2022 iliikuta Kigamboni ina watu 317,902, wakati Temeke inayopakana nayo ilikuwa na watu 1,346,674.

Sasa ufuate Mto Msimbazi kuanzia baharini kwenda juu. Unaingia baharini kwenye daraja la Selander, ambalo wenyeji huliita Salenda. Ukipanda nao utapita Jangwani, Kigogo na Vingunguti, kisha utaishia kwenye vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Upake rangi ya buluu bonde lake lote, si mkondo peke yake, kwa sababu mkondo ni mwembamba na bonde ni pana. Ongeza Mto Ng'ombe unaopita Sinza na Tandale kabla ya kuungana na Msimbazi, ongeza Kizinga na Mzinga inayoingia kwenye mkono wa bandari kutoka kusini, na kaskazini kabisa chora Mto Mpiji, ambao ndio mpaka na Bagamoyo.

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo muhimu kuliko zote. Kila mahali ambapo barabara inakata rangi ya buluu ni mahali ambapo mji unaweza kukatika vipande viwili. Mvua kubwa za masika, kati ya Machi na Mei, au za vuli, kati ya Oktoba na Desemba, zikijaza bonde la Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa kati ya Kariakoo na Magomeni, na mtu anayefanya kazi Posta, katikati ya mji, na kulala Kimara hulazimika kutafuta njia ya kuzunguka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kubomoa nyumba kwenye mabonde hayo, na baadhi ya familia zilihamishiwa Mabwepande, mbali kaskazini, karibu na Bunju. Familia hizo hazikuwa zimejenga bondeni kwa ujinga. Bonde la Msimbazi lipo katikati ya mji, mwendo wa miguu kutoka sokoni Kariakoo, na kwa mtu anayeishi kwa kibarua cha siku, nauli ya kutoka Mabwepande kwenda mjini na kurudi ni sehemu kubwa ya chakula cha watoto. Asiyelielewa jambo hili hawezi kuelewa kwa nini baadhi yao walirudi.

Nyosha barabara nne, kisha zifunge

Ukiutazama mji kutoka juu, utauona kama kiganja kilichowekwa ufukweni na vidole vinne vikielekea bara. Kidole cha kaskazini ni Barabara ya Bagamoyo, ambayo karibu na katikati ya mji huitwa Ali Hassan Mwinyi: inapita Salenda, Namanga, Morocco, Mwenge, Mbezi Beach, Tegeta, Boko na Bunju. Cha pili ni Barabara ya Morogoro, inayopita Magomeni, Manzese, Ubungo, Kimara, Mbezi na Kibamba. Cha tatu ni Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita ya Pugu, inayopita TAZARA, uwanja wa ndege, Ukonga na Gongo la Mboto, kisha ikagawanyika kuelekea Kisarawe na Chanika. Cha nne ni Barabara ya Kilwa, inayopita Mtoni, Mtongani, Mbagala na Kongowe kuelekea mikoa ya kusini.

Vidole hivyo vinafungwa na barabara chache zinazopita kwa ubavu. Ya ndani ni Kawawa, inayotoka Morocco na kupita Magomeni, Kigogo na Ilala Boma. Ya nje ni Mandela, inayotoka bandarini hadi Ubungo, ikaendelezwa na Sam Nujoma hadi Mwenge. Malori yote yanayobeba mizigo ya bandari kwenda Zambia, Kongo na Rwanda yanahitaji kuifikia Mandela, na ndiyo maana makutano yake yalikuwa ya kwanza kujengewa barabara za juu: TAZARA mwaka 2018, kisha Ubungo mwaka 2021. Mabasi ya mwendokasi nayo hayakubuni njia mpya. Yalipoanza Mei 2016 yalipita Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni, na njia ya awamu ya pili ikajengwa kwenye Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala.

Ukishachora vidole, angalia nafasi zilizoachwa kati yake. Goba na Madale ziko kati ya Bagamoyo na Morogoro. Tabata, Segerea na Kinyerezi ziko kati ya Morogoro na Nyerere. Yombo, Buza na Kitunda ziko kati ya Nyerere na Kilwa. Sehemu hizi zilijaa baada ya pembeni mwa barabara kuu kuisha, kwa hiyo zina barabara za ndani chache na nyembamba, na wakazi wake wote hutegemea kutokea kwenye kidole kimoja kila asubuhi. Unapopima umbali wa nyumba unayotaka kupanga, pima muda wa kuifikia barabara kuu kabla ya kuhesabu kilomita za kufika mjini.

Kujua kidole pia kutakuokoa kwenye majina. Shangazi yangu alikuja kutoka Lindi, nasi tukamwambia kwa simu apande daladala ya Mbezi, bila kusema zaidi. Tulimngoja Mbezi Beach hadi giza likaingia, kisha akapiga simu akasema, "Mwanangu, nimeshuka mwisho wa gari, lakini huku hakuna dalili ya bahari." Alikuwa Mbezi ya Barabara ya Morogoro, ambayo sasa ndiyo yenye stendi kuu ya mabasi ya mikoani, na ilibidi kumfuata kwa njia ya Goba usiku ule. Kongowe nazo ni mbili, moja kwenye Barabara ya Kilwa na nyingine Kibaha kwenye Barabara ya Morogoro. Kinondoni, Ilala na Temeke kila moja ni jina la wilaya na pia ni jina la mtaa mdogo unaojulikana ndani ya wilaya hiyo. Kwa hiyo uliza na utoe maelekezo kwa kutaja barabara, kisha kituo, kisha alama ya jirani, kama msikiti, kanisa, shule au mti mkubwa.

Soma namna nyumba zilivyopangwa

Muundo wa watu na makazi ya Dar es Salaam bado umebeba sheria za wakoloni. Wajerumani, walioifanya kuwa makao yao makuu mwaka 1891, waliweka masharti ya ujenzi yaliyotenga maeneo kwa aina ya nyumba, na Waingereza wakayaendeleza: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati yenye maduka chini na makazi juu, na Uswahilini ng'ambo ya uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja, ulioachwa kwa makusudi ili kutenganisha watu. Kariakoo, iliyopata jina lake kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilipimwa kwa viwanja vidogo vya nyumba za Waafrika, wakati Oysterbay ilipewa viwanja vikubwa vinavyopata upepo wa bahari. Baada ya uhuru kizuizi cha rangi kiliondoka, lakini ukubwa wa kiwanja ulibaki, na bei ikachukua nafasi ya sheria.

Kwa hiyo jifunze kutambua aina za makazi kwa macho. Mistari iliyonyooka yenye viwanja vidogo, kama Kariakoo, Magomeni na Temeke, ni ya mipango ya kikoloni. Viwanja vidogo vilivyopangwa vizuri Sinza vinatokana na mradi wa miaka ya 1970 wa kupima viwanja na kuviwekea huduma za msingi. Viwanja vipana vya Kibada, Buyuni na Bunju vilitoka kwenye mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwingine kote, ambako ndiko waliko wakazi wengi, utaona mapaa yaliyobanana na vichochoro vinavyofuata njia za miguu za zamani: Manzese, Tandale, Vingunguti, Keko na sehemu kubwa ya Mbagala. Usidhani kwamba hapo pote ni maskini watupu. Ndani ya vichochoro hivyo kuna nyumba ya Kiswahili, yenye korido katikati, vyumba pande mbili na uwani nyuma, ambamo mwenye nyumba huishi pamoja na wapangaji wake, na nyumba hiyo ndiyo iliyowapokea karibu wote waliofika mjini bila ndugu wala mtaji.

Weka wilaya, kisha vuka mpaka

Sasa ndipo uandike wilaya. Kulikuwa na tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, hadi katikati ya muongo uliopita, Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Mwaka 2021 halmashauri ya jiji iliyokuwa juu ya zote ilivunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo neno "Jiji" kwenye barua ya serikali huenda likamaanisha Ilala peke yake. Sensa ya 2022 iliipa Ilala watu 1,649,912, Ubungo 1,086,912 na Kinondoni 982,328. Mkoa wote ulikuwa na 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012.

Usiishie hapo. Katika miaka hiyohiyo kumi Mkoa wa Pwani, unaoizunguka Dar es Salaam upande wa nchi kavu, ulipanda kutoka watu 1,098,668 hadi 2,024,947. Mji umevuka mpaka wake. Anayejenga Mapinga yuko Bagamoyo, anayejenga Vikindu yuko Mkuranga, na huko Kiluvya majirani wanaonunua mkate duka moja wanaweza kuwa mikoa miwili, ingawa wote huamka alfajiri kwenda kazini Kariakoo. Hata sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya jiji inavutwa kutoka Mto Ruvu, huko Pwani. Mpaka huu usiouona kwa macho una uzito pale unaponunua ardhi. Ndani ya jiji ofisi yako ya kwanza ni serikali ya mtaa, lakini ng'ambo unaweza kujikuta kwenye ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Thibitisha halmashauri na hadhi ya ardhi kabla ya kutoa hata malipo ya awali.

Hatua ya mwisho haifanyiki mezani. Chagua kiunga kimoja unachokifikiria, Chanika, Chamazi, Goba au kingine, upande daladala saa kumi na mbili asubuhi ukitokea huko kuja mjini, na urudi nayo saa kumi na mbili jioni, ukiandika muda wa kila kituo. Ukishuka, nenda kwa balozi wa nyumba kumi au kwa mama muuza chakula aliyekaa hapo miaka mingi, umsalimie kwa heshima, umwombe akuonyeshe maji yalifika wapi katika mvua kubwa ya mwisho. Rudi na kalamu yako ya buluu uongeze mstari huo kwenye ramani.