Kufundisha hesabu za mnunuzi kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 14: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wanafunzi wa umri huu kwa kawaida wamekwisha kujifunza asilimia, desimali na uwiano, lakini wengi hukwama wanapowekewa mbele tangazo la punguzo la bei au masharti ya mkopo. Kinachowakwamisha mara nyingi ni kutotambua kwamba asilimia inayotajwa imehesabiwa kutoka kiasi fulani, na kwamba kiasi hicho chaweza kubadilika katikati ya hesabu. Kwa sababu hiyo mimi hujenga mada yote juu ya swali moja, "Asilimia ya nini?", ambalo huandikwa ubaoni na kubaki hapo hadi mada iishe. Bei zilizomo humu ni namba tupu. Mwalimu azibadilishe ziendane na fedha ambayo wanafunzi wake wanaishika kila siku.

Hatua ya 1: Makadirio kabla ya kikokotoo

Wafundishe kupata 10% na 1% kwa kusogeza nukta ya desimali, kisha asilimia nyingine wazijenge kutoka hizo. Kwa mfano, 35% ya 840 hupatikana kwa kuchukua 84 mara tatu, yaani 252, na kuongeza nusu ya 84, yaani 42, jumla 294. Kila mwanafunzi aandike makadirio yake kabla ya kugusa kikokotoo, ili yule atakayebonyeza vibaya na kupata 2,940 ajishtukie mwenyewe kwamba sehemu imekuwa kubwa kuliko kitu kizima.

Hatua ya 2: Bei kwa kipimo kimoja

Wape chupa tatu za sabuni ya maji: mililita 500 kwa 1,300, mililita 750 kwa 1,800, na lita 1 kwa 2,500. Kabla ya kukokotoa waulize ipi ni nafuu, na wengi watataja ile kubwa. Bei ya kila mililita 100 ni 260, 240 na 250 kwa mpangilio huo, kwa hiyo chupa ya kati ndiyo nafuu. Usiishie hapo. Uliza pia mtu anayehitaji mililita 400 tu, na asiyetarajia kuitumia sabuni hiyo tena, anunue ipi; mjadala huo huwaonyesha kuwa unafuu wa kipimo na unafuu wa mfukoni ni mambo mawili.

Hatua ya 3: Punguzo

Andika ubaoni: "Punguzo la 20%, na 10% zaidi kwa anayelipa leo." Waache wapige kura kama punguzo lote ni 30%, kisha wafuate bei ya 1,000 hatua kwa hatua. Inashuka hadi 800, halafu 10% ya pili inahesabiwa kutoka 800 wala si kutoka 1,000, hivyo bei ya mwisho ni 720 na punguzo halisi ni 28%. Hapo ndipo wanafunzi huanza kulielewa swali la ubaoni. Sasa waonyeshe njia fupi ya kuzidisha kinachobaki, 0.8 × 0.9 = 0.72, na uwaulize kama kugeuza mpangilio wa mapunguzo kungebadilisha jibu. Kwa zoezi la nyumbani, bei iongezwe kwa 25% kisha ipunguzwe kwa 20%. Watakuta imerudi ilipoanzia, na tangazo la "punguzo la 20%" halikumpa mnunuzi chochote. Ofa ya "nunua mbili, ya tatu bure" nayo wataitambua kuwa ni punguzo la theluthi moja, ingawa wengi huanza kwa kusema ni nusu.

Hatua ya 4: Kodi ndani ya bei

Kipindi kimoja kinatosha. Bidhaa inauzwa 1,200, kodi ya 20% ikiwa ndani yake. Atakayetoa 20% ya 1,200 atapata 960, lakini kodi ilihesabiwa kutoka bei ya kabla ya kodi, hivyo inabidi kugawanya kwa 1.2 na kupata 1,000. Wahakiki kwa kurudi nyuma: 960 na 20% yake ni 1,152.

Hatua ya 5: Mkopo na marejesho

Hapa mwalimu asiharakishe, kwa kuwa ndipo hesabu hizi zina uzito mkubwa kuliko mahali pengine popote. Mkopo ni 12,000, unarejeshwa kwa miezi 12, na riba ya 10% inahesabiwa kutoka mkopo wote wa awali. Riba ni 1,200, na rejesho la kila mwezi ni 1,100, ambapo 1,000 inapunguza deni. Waambie wanafunzi waandike deni lililopo mwanzoni mwa kila mwezi: 12,000, 11,000, 10,000, hadi 1,000. Jumla ya safu hiyo ni 78,000, na wastani wake ni 6,500. Kwa maneno mengine, mkopaji alikaa na wastani wa 6,500 kwa mwaka mzima na akalipia 1,200, yaani zaidi ya 18%. Riba hiyohiyo ya 10% kwa mwaka ingehesabiwa kutoka deni linalobaki kila mwezi, angelipa 650 tu. Safu hii iandikwe kwa mkono yote. Kanuni ikitolewa mapema, wanafunzi huikariri bila kuona deni likipungua huku riba ikibaki palepale.

Riba juu ya riba ifuate baadaye, tena kwa upande wa akiba. Kwa 10% kwa mwaka, 10,000 hufika 11,000, 12,100, kisha 13,310, tofauti na 13,000 ya riba isiyojilimbikiza.

Hatua ya 6: Tathmini

Katika jaribio weka angalau swali moja lisilo na taarifa za kutosha, kama tangazo lisemalo "Punguzo hadi 50%" bila bei ya awali, na uulize mnunuzi ataokoa kiasi gani. Mwanafunzi atakayeandika kwamba bei ya awali haikutajwa, na kwamba neno "hadi" linaruhusu hata punguzo la 5%, apewe alama zote. Aliyetoa namba aombwe kwanza aeleze ameihesabu kutoka kiasi kipi.