Foraji ya kartye: namna ya kuandikiana na komini kabla pampu haijafika

Foraji yetu ya kwanza, yaani kisima kinachochimbwa kwa mashine, tuliichimba upande wa Ruashi, hapa Lubumbashi. Tuliimba, tukachinja mbuzi, shefu wa kartye (mtaa) akakata utepe. Mwezi wa saba tangu siku hiyo pampu ikanyamaza. Kilichokwisha ni mpira wa ndani, kipuri kidogo tu, lakini sanduku la kamati lilikuwa tupu. Pesa zilikwenda kwenye matanga mawili na arusi moja, na kila aliyezitoa alikuwa na sababu ya kueleweka. Mwizi hakuwepo. Ila hapakuwa na karatasi iliyosema kwamba zile ni pesa za pampu.

Siku hizi nikiitwa na mashirika ya mitaani yanayotaka kushirikiana na komini (manispaa), nawaomba miezi miwili au mitatu ya karatasi kabla ya mashine ya kuchimba. Wanakasirika. Halafu tunafuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Jueni sahihi ya nani inafunga

Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataja mji, komini, na kule vijijini sekta na shefri, kuwa ndizo zenye kutambuliwa kama mtu mbele ya sheria, yaani zinaweza kusaini, kumiliki na kushtakiwa. Kartye haimo. Shefu wa kartye mwoneni wa kwanza, maana mkimruka mtajuta, lakini sahihi yake haiifungi komini. Barua iende kwa bugumesta, mkuu wa komini, nakala kwa shefu, na nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo barua yenu haijawahi kuandikwa.

Upande wenu, mashirika yasiyo ya faida yanaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001: wanachama wasiopungua saba, statuti (katiba ya shirika) zilizopita kwa noteri, na kibali cha Waziri wa Sheria. Kama faili yenu bado iko njiani Kinshasa, semeni wazi na muonyeshe mlichonacho. Kikundi cha akina mama kisicho na karatasi kinaweza kuingia chini ya shirika lenye karatasi, mradi jina lake liandikwe ndani ya mkataba kama mwenye kusimamia maji. Lisipoandikwa, siku ya picha hamtaliona.

Alikeni pia zoni ya afya, ofisi ya afya ya eneo lenu, kwa sababu wahudumu wake wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba, reko, wanajua kolera (kipindupindu) huanzia avenyu gani kila mwaka. Na Regideso, shirika la maji la Serikali, waulizeni kwa maandishi kama wana mpango wa kuleta bomba hapo. Bomba likiwa linakuja kweli, mimi ningeweka pesa kwenye bomba.

Hatua ya 2: Ardhi, ardhi, ardhi

Hapa msiwe na haraka. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, na mtu hupewa haki ya kuutumia. Mjini haki hiyo huthibitishwa na sertifika (hati) anayotoa mtunza hati za ardhi. Kiwanja mnachokiona wazi, watoto wanachezea mpira, huenda kina sertifika ndani ya sanduku la mtu anayeishi Likasi. Sisi yalitupata: mwenyewe alikuja baada ya saruji kukauka, mpole kabisa, karatasi zake mkononi. Tulilipa.

Tafuteni ua wa shule, wa kituo cha afya, au mahali pa komini yenyewe. Ombeni komini ichore mchoro wa eneo, vipimo vikiwemo, na mchoro uambatanishwe na mkataba. Kanisa likitoa sehemu, ni vizuri, lakini andikeni kwamba maji ni ya wote na njia ya kufikia pampu haitafungwa kwa lango. Pastori wa leo ni mtu mwema. Wa kesho hamumjui.

Hatua ya 3: Pimeni maji

Choo chochote kiwe mbali, mita 30 angalau, na kama mteremko upo kisima kiwe juu ya choo. Parseli (viwanja) zetu zimebanana, kwa hiyo kipimo hiki peke yake kitawaondolea nusu ya sehemu mlizozipenda. Sampuli ya maji isiishie kwenye vijidudu. Hii ni Katanga. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya madini ulikuwa na kobalti nyingi mno. Ombeni metali zipimwe pia, na mkataba useme nani analipia kipimo, kabla na kila mwaka.

Hatua ya 4: Karatasi yenyewe

Kurasa mbili zinatosha, kwa Kifaransa cha ofisi, na chini yake tafsiri ya Kiswahili inayosomwa kwa sauti mkutanoni, labda asubuhi ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, watu wakiwa wengi. Ziandike mambo ambayo watu huona haya kuyataja: pampu ni mali ya nani, nani anaajiri mlinzi wa pampu, nani anapanga bei ya bidoni (dumu) na nani anaweza kuipandisha, komini inachukua kiasi gani au haichukui kitu, na bugumesta akihamishwa nani anaendelea. Hilo la mwisho msilisahau. Wakubwa huhamishwa, na anayefuata atauliza "nani aliwaruhusu?"

Neno "kusaidia" lifuteni kila mnapolikuta. "Komini itasaidia usalama" haina maana. "Komini itaweka uzio kabla ya tarehe fulani", hapo mtu anaweza kuulizwa.

Hatua ya 5: Hesabu ya bidoni

Tuseme bidoni ya lita 20 ni faranga 100, na kwa siku zinatoka 150. Pampu ya mkono hutoa karibu lita 1,000 kwa saa, kwa hiyo hizo ni saa tatu za kazi, si ndoto. Siku inaingiza 15,000, mwezi 450,000. Mlinzi apewe 200,000. Kufuli, sabuni ya kusafishia na teksi ya mtunza hazina ni 50,000. Zinabaki 200,000 za matengenezo ambazo haziguswi. Tungefanya hesabu hii zamani, mwezi ule wa saba tungekuwa na 1,400,000.

Matanga yatakuja, na jirani hanyimwi. Fungueni sanduku la pili, la hiari, kwa ajili ya misiba, lisichanganyike na la pampu. Pesa za pampu zikae benki au kwenye kopeki (ushirika wa akiba na mikopo), sahihi mbili, moja ya mwanamke anayechota maji hapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi daftari liwepo, na kila mwisho wa mwezi ukurasa wake ubandikwe ukutani kwa pampu. Wajane na wazee wasiolipa waandikwe kwa idadi, ili huruma nayo iwe na hesabu.

Hatua ya 6: Siku ya kukabidhi

Fundi aifungue pampu na kuifunga tena mbele ya vijana wawili wa kartye, kisha wao wafanye bila yeye. Nakala za mkataba ziwe nne: komini, zoni ya afya, shirika, kamati. Wekeni tarehe ya kuusoma upya baada ya miezi sita.

Namba ya fundi na bei ya bidoni ziandikwe kwa rangi ya mafuta kwenye saruji. Sisi tulitumia chokaa, na mvua za Novemba ziliondoka nayo.