Maswali ya pembe ya mwinuko: chora kwanza, hesabu baadaye

Nimefundisha madogo wengi wa twisheni huku Temeke na karibu wote wanaokwama kwenye haya maswali hawakwami kwenye hesabu, tan wanaijua, SOTOCA, ule wimbo wa kukumbuka sin, tan na cos, wanaiimba kabisa, wanakwama kwenye maneno. Mtu anasoma "Juma kasimama mita 12 toka kwenye mnazi" anakurupuka kuandika fomula kabla hajajua Juma yuko wapi na mnazi uko wapi. Kwa hiyo mdogo wangu chukua penseli tuchore kwanza.

Pembe ya mwinuko, ile mtihani unaiita elevesheni, ni pembe ya jicho. Simama Koko bichi, tazama mbele usawa wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu. Sasa inua macho mpaka kilele cha mnazi ulio mbele yako. Kiasi ulichoyainua ndo pembe yenyewe. Inaanzia kwenye mstari wa ulalo, yaani huo wa usawa wa macho, haianzii kwenye shina la mnazi, na hapa ndo wengi wanapoteza maksi zote za swali.

Chora mstari wa ulalo, chora wima, unganisha na mstari wa macho. Ulalo unapokutana na wima weka kiboksi cha nyuzi 90. Andika namba ulizopewa, usichokijua kiite h. Baada ya hapo SOTOCA, yaani SO TO CA juu, H A H chini: O ni upande unaotazamana na pembe, A ni wa jirani, H ndo ule mrefu wa mshazari. Kwa hiyo sin ni O gawanya kwa H, tan ni O gawanya kwa A, cos ni A gawanya kwa H. Swali likitaja umbali wa chini na kimo ni tan, likitaja urefu wa ngazi au waya au kamba ya tiara hiyo ni H, basi ni sin au cos.

Tumalizane na Juma. Yuko mita 12, macho yake yako mita 1.5 toka chini, pembe nyuzi 35. Tan 35 ni 0.7002, zidisha na 12 unapata 8.4. Usifunge swali hapo! Hiyo 8.4 inaanzia machoni kwa Juma, ongeza 1.5, mnazi una mita 9.9. Swali lisipotaja kimo cha mtu usiongeze chochote.

Sasa lile linalotisha, la pembe mbili. Unaliona ghorofa la Posta kwa nyuzi 30, unalisogelea mita 100, pembe inakuwa 45, ghorofa lina kimo gani? Watu wanaliruka hili swali na inaniuma kwa sababu ni la kupata bure. Chora pembetatu mbili zinazotumia ukuta mmoja. Ile ya karibu ina nyuzi 45, na tan 45 ni 1, kwa hiyo umbali uliobaki ni sawasawa na kimo, uite h tu. Ya mbali chini ina h + 100, na tan 30 ni 0.5774. Basi h = 0.5774(h + 100), fungua mabano, h = 0.5774h + 57.74, hamisha, 0.4226h = 57.74, gawanya, h ni kama mita 136.6. Yaani trigonometria iliisha mstari wa kwanza, kilichobaki ni aljebra ya fomu wani.

Ukiwa juu unatazama chini ni depresheni, nayo inaanzia kwenye ulalo vilevile, sio kwenye ukuta. Uko juu ya jengo la mita 60 unaona boti kwa nyuzi 20: hiyo 20 ihamishie kwa mtu wa kwenye boti anayekutazama wewe, ni ileile kwa sababu mistari miwili ya ulalo ni sambamba. Umbali ni 60 gawanya kwa tan 20. Kama unatumia kitabu cha foo figa, kile cha majedwali ya sin, cos na tan, kugawanya kwa 0.3640 ni kujitesa, chukua pembe nyingine ya pembetatu hiyohiyo, 90 toa 20 ni 70, zidisha 60 kwa tan 70 ambayo ni 2.7475, unapata mita 164.85, jibu lilelile.

Halafu toka nje ukapime, nakuomba sana, maana ukishaipima pembe kwa mkono wako huwezi kuisahau. Chukua protrakta, bandika mrija kwenye upande wake ulionyooka, funga uzi katikati ya upande huohuo na nati mwishoni. Geuza upande ulionyooka uwe juu, chungulia kilele kupitia mrija, mwenzako asome uzi umelalia wapi, kwenye zile namba mbili achukue ndogo. Hiyo sio pembe ya mwinuko bado, itoe kwenye 90. Akisoma 55, basi pembe yako ni 35, kama ya Juma na mnazi wake.