Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Marehemu Aliyekuwa Askari na Mtumishi wa Benki

Kwa kawaida kazi ya kuandika wasifu wa marehemu humwangukia mtu mmoja katika ukoo usiku wa kuamkia mazishi, wakati wengine wanahangaika na jeneza, magari na chakula cha waombolezaji. Ikiwa marehemu alitumikia jeshi na baadaye benki, mwandishi huyo anahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu watakaomsikiliza ni makundi mawili yaliyofundishwa kuhakiki: askari wenzake wanakijua cheo chake na kikosi chake, na watu wa benki hawawezi kusikia tarehe bila kuipima. Katika msiba wa baba yangu mkubwa alitajwa kuwa Kapteni, ilhali aliondoka jeshini akiwa Sajenti. Wazee watatu wa mstari wa mbele walitazamana, na mmoja akashusha kofia yake hadi machoni. Aliyeandika wasifu ule ni mimi.

Kwa hiyo anza na karatasi kabla ya kuanza na kumbukumbu za watu. Mwombe mjane au mtoto mkubwa akuonyeshe mahali marehemu alipohifadhi nyaraka zake. Mtu aliyefanya kazi benki aghalabu ana bahasha au sanduku la bati lenye barua ya ajira, barua za kupandishwa cheo na za uhamisho, cheti cha utumishi jeshini, na barua ya kustaafu. Kadi ya mfuko wa pensheni nayo husaidia, ingawa usishangae ikiwa na jina usilolijua, kwani PPF na mifuko mingine ya watumishi iliunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF. Nakili kila tarehe pamoja na jina la karatasi uliyoitoa, ili ndugu akibisha uwe na cha kumwonyesha.

Upande wa jeshi ndiko makosa yanakozaliwa zaidi. Watu wengi husema "alikuwa jeshini" kwa mambo matatu tofauti: askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964, kijana aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria baada ya masomo, na mgambo aliyeitwa wakati wa vita. Kila mmoja ana heshima yake, na hakuna haja ya kumhamisha marehemu kutoka kundi moja kwenda jingine. Kama familia inasema alipigana Vita vya Kagera, linganisha madai hayo na kalenda. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978; Kampala iliangukia mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda walioungana nao tarehe 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mapema Juni mwaka huo. Aliyeandikishwa mwaka 1980 hakuingia Kampala vitani, lakini huenda alipelekwa huko baadaye, maana askari wetu walibaki Uganda hadi mwaka 1981. Vyeo viandike kama jeshi linavyovitamka: Koplo, Sajenti, Afisa Mteule, Luteni Usu. Ikiwa jeshi litashiriki mazishi, wasiliana na kikosi mapema, kwa sababu huenda afisa akasoma maelezo ya utumishi, na si vizuri karatasi mbili zipingane mbele ya jeneza.

Upande wa benki tatizo ni majina. Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ilizaliwa mwaka 1967, benki binafsi zilipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, na mwaka 1997 ikagawanywa, ndipo benki ya NMB ikapatikana. Mtu aliyeajiriwa na NBC mwaka 1984 aliweza kustaafu NMB bila kuhama kiti alichokalia. Andika jina la benki lililokuwapo wakati huo, kisha utaje matawi kwa mpangilio wa uhamisho wake.

Ukishapata mifupa hiyo, wafuate watu, na usiwaulize "alikuwa mtu wa namna gani", kwa sababu wote watajibu kwamba alikuwa mcheshi na mpenda watu. Uliza alifanya nini kwa mikono yake. Baba mkubwa alipokabidhiwa michango ya harusi mtaani, aliomba kisahani chenye sifongo iliyoloa, akazigeuza noti zote zitazame upande mmoja, akazihesabu mara mbili, akazifunga mia mia kwa mpira, na hakumjibu mtu yeyote hadi amalize. Viatu vyake vilipigwa kiwi jioni na kupangwa chini ya kitanda, visigino vikiwa vimelingana, hata miaka ambayo hakuwa na pa kwenda asubuhi. Mambo mawili ya aina hiyo, yakielezwa kwa utulivu, yanamrudisha mtu ukumbini kuliko orodha ya semina alizohudhuria.

Kuna ya kuacha pia. Usitaje mteja aliyesaidiwa kupata mkopo, hata kama anasifu. Marehemu mwenyewe asingemtaja. Vilevile, kama hakuwahi kuwasimulia watoto wake aliyoyaona vitani, usiyaokote kwa rafiki yake usiku huo na kuyatangaza kesho yake. Inatosha kusema alikwenda na akarudi.

Urefu wa kurasa mbili unatosha, yaani dakika tano za kusoma. Kwa Waislamu, ambao huzika upesi, wasifu mara nyingi huweza kusubiri hadi siku ya hitima, na muda huo utumie kuhakiki zaidi. Majina ya watoto na wajukuu yasomewe mjane kwanza, kwani jina lililosahauliwa huzaa kinyongo cha miaka. Kisha chapisha kwa herufi kubwa, mpe msomaji asiyelia upesi, na nakala ya pili uirudishe ndani ya ile bahasha, pamoja na barua ya ajira.