Somo: Kufunga paipu za kiyoyozi zisivuje, ujuzi wa kwanza wa fundi anayetaka kudumu kazini

Kazi nyingi za kurudiwa kwenye viyoyozi vya ukutani zinatokana na mambo mawili: fleya mbovu (mdomo wa paipu uliopanuliwa kama tarumbeta ili nati iubane) na vakyumu ya haraka (kunyonya hewa na unyevu wote ndani ya paipu). Anayejifunza akiyamudu hayo, tayari mteja ana sababu ya kumwita tena. Kabla ya kugusa chochote, zima umeme kwenye swichi kuu na uhakikishe kwa multimita.

Hatua ya 1: Kata. Tumia kikatio cha gurudumu, si msumeno. Unga wa shaba ukibaki ndani safari yake inaishia kwenye kompresa. Kaza kidogo kila mzunguko. Kisha kwangua ukingo wa ndani huku mdomo wa paipu ukitazama chini, ili vipande vidondoke nje.

Hatua ya 2: Piga fleya. Ingiza nati kwanza (ndiyo, husahaulika kila siku). Kwa kifaa kilichotengenezewa R410A au R32 (aina za gesi ya kiyoyozi), shaba itokeze juu ya ubao wa kifaa unaobana paipu kati ya 0 na 0.5 mm, kwa kile cha zamani chenye klachi, 1 hadi 1.5 mm. Mdomo uliokamilika kwenye paipu ya robo inchi uwe na upana wa 8.7 hadi 9.1 mm, na kwenye ya 3/8, 12.8 hadi 13.2 mm. Utazame kwenye mwanga: uso wa ndani ung'ae sawasawa, usiwe na mkwaruzo wala ufa. Ukiona upande mmoja mpana kuliko mwingine, kata uanze upya. Shaba ya sentimita mbili ni rahisi kuliko gesi iliyovuja.

Hatua ya 3: Kaza. Paka tone la mafuta ya kompresa ndani ya fleya, zungusha nati kwa vidole mpaka ikae, kisha tumia spana mbili, moja ikishikilia kiungo. Kama kitabu cha mashine hakisemi vinginevyo, robo inchi hukazwa takriban Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 14–17, 3/8 Nm 33–40, nusu inchi Nm 50–60. Nati iliyokazwa kwa nguvu zote huponda shaba ikawa nyembamba, na ufa hujitokeza miezi mingi baadaye.

Hatua ya 4: Jaza naitrojeni kavu kupitia regyuleta, vali za mashine ya nje zikiwa zimefungwa. Panda kwa vituo, mpaka presha iliyoandikwa na mtengenezaji, kisha paka povu la sabuni kila kiungo. Usitumie oksijeni kamwe: ikikutana na mafuta kwenye presha, inalipuka.

Hatua ya 5: Toa naitrojeni, vuta vakyumu. Dakika 15 si kipimo. Kipimo ni geji ya mikroni (kipimo cha hewa iliyobaki ndani), iliyofungwa mbali na pampu: shuka chini ya mikroni 500, tenga pampu, subiri dakika 10. Ikitulia, fungua vali zote mbili kwa alenki mpaka mwisho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, naitrojeni jioni ilisoma psi (kipimo cha presha) 500, asubuhi 485, na povu halionyeshi kitu. Nifumue?
Jibu: Hapana, linganisha joto kwanza. Kwa presha hiyo, nyuzi 10 za Selsiasi zikipungua, geji inashuka kama psi 17. Kama joto halikubadilika, basi kuna tundu.

Swali: Nikitenga pampu, mikroni zinapanda. Ni tundu au maji?
Jibu: Zikipanda kisha zikatulia, mara nyingi ni unyevu: vunja vakyumu kwa naitrojeni kavu, vuta tena. Zikipanda bila kusimama, panavuja. Kagua na mipira ya geji zako, nayo huvuja.

Swali: Mteja anasema gesi imeisha, niongeze tu.
Jibu: Ndugu, gesi haiishi kwa kutumika. Imepungua kwa sababu imevuja. Tafuta doa la mafuta lililoshika vumbi kwenye nati. Hapo ndipo pa kuanzia. Ziba, pima, vuta, kisha jaza kwa mizani kulingana na kibao cha mashine. R410A ni mchanganyiko, iingie ikiwa kimiminika.

Swali: Nimemaliza kozi, bado nalipwa kama msaidizi. Niongeze nini?
Jibu: Umeme. Jifunze kusoma mchoro wa nyaya, kupima kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) baada ya kuitoa chaji, na kufuatilia vali inayogeuza mashine kati ya joto na baridi. Pia jiandae kwa gesi zinazowaka. Tangu Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, makubaliano ya kimataifa kuhusu gesi zinazopasha dunia joto, dunia inapunguza gesi kama R410A, na R32 na R290 (propani) zinashika nafasi. Zote mbili zinawaka. Uliza kibali kinachotakiwa unakofanyia kazi. Na kila mashine unayofunga, mwachie mwenye nyumba karatasi yenye presha ya jaribio, mikroni za mwisho na uzito wa gesi uliyoongeza.